Kibuyu Kisichoona Ng'ombe

Jumatatu, 3 Februari

Fito arobaini leo. Majani mabichi, umande bado juu yake. Gundi nyeusi imenishika mikono mpaka kwenye viwiko. Kichefuchefu cha tumbaku kama kila asubuhi. Nanawa kwa sabuni mara mbili kabla ya kumnyonyesha Eli na bado haitoki yote.

Mchana Eli anakaa kivulini na Bibi Kabula, mama wa tajiri. Sisi wanawake tunafunga majani ya tumbaku kwenye fito mbele ya bani, nyumba ya kukaushia. Jioni posho: unga, chumvi, maziwa. Tajiri Masanja ana ng'ombe wengi, hapimi. Bibi anajaza kikombe mpaka kinamwagika. Kikombe changu, kikombe cha Eli. Wenzangu wanasema nina bahati. Kibarua gani Inyonga hii ananyweshwa maziwa kila siku?

Eli ametapika tena. Vipele vimeshuka mpaka magotini. Mwaka na miezi minne, bado hajasimama peke yake.

Jumatano, 5 Februari

Damu kwenye choo chake. Nyuzi nyekundu ndani ya kamasi. Nimeangalia mara tatu nikitaka iwe kitu kingine.

Nimeomba ruhusa ya kesho. Tajiri kanipa, kwa uso mbaya. Bani linajazwa wiki hii.

Alhamisi, 6 Februari

Zahanati. Nesi ni Mfipa, mfupi, hacheki. Kaniuliza maswali mengi kuliko padri. Mtoto anakula nini. Mama anakula nini. Vipele vilianza lini.

Nikamwambia tangu tuje huku, Novemba. Kwetu Kasulu tulikula maharage, mihogo, dagaa. Maziwa ya ng'ombe hatukuwa nayo. Vipele navyo hatukuwa navyo.

Akaweka kalamu chini. Anasema mwili wa Eli unayakataa maziwa ya ng'ombe, na hata ninayokunywa mimi yanamfikia kidogo kwa titi. Tuache wote wawili. Mabichi, ya kuchemsha, mgando, siagi, samli. Kunyonyesha nisiache. Badala yake dagaa wazima na mifupa yao, majani ya kijani, maharage, karanga, mayai. Kwa mtoto na kwa mama. Anasema mtoto anayenyonya anachota kwenye mifupa ya mama yake, na mama asiporudisha ataishiwa. Hapo nikakumbuka miguu yangu inavyokaza misuli siku hizi. Kanipa vidonge vyangu vya mifupa.

Mstari wa uzito kwenye kadi ya Eli umeinama kuelekea nyekundu. Turudi baada ya wiki nne.

Ijumaa, 7 Februari

Nimerudisha vikombe vyote viwili vikiwa vimejaa. Bibi Kabula alibaki ameshika sinia. Kila mwanamke kwake ni mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mtoto bila maziwa, mayu, mifupa yake itakuwa mabua."

Nikasema ni maneno ya nesi.

"Nesi amezaa wangapi?"

Wanawake wakacheka. Sijui nesi kazaa wangapi. Bibi kazaa tisa, wote warefu. Najua pia kwamba kumrudishia Msukuma maziwa yake ni kumtukana mlangoni kwake. Nimeyarudisha. Na kesho nitayarudisha.

Jumapili, 9 Februari

Tajiri kaja mpaka kwenye kibanda changu. Hakukaa. Kasema hataki mtoto afie kwenye mji wake, halafu watu waseme Masanja aliwanyima vibarua chakula. Kliniki ijayo mstari usipopanda, nifunge mzigo nirudi kwetu.

Kwetu wapi? Nyumba ya mama ilianguka na mvua za mwaka jana. Baba yake Eli hata simu hashiki.

Sirudi. Na maziwa hanywi. Yote mawili.

Jumanne, 11 Februari

Kuna mama analeta dagaa kutoka Kapalamsenga, kule ziwani. Jioni mbili nimempalilia karanga zake, kanipa dagaa wa kutosha na karanga juu. Nimewachambua mchanga, nikawakausha tena, nikatwanga pamoja na karanga mpaka unga. Mifupa, vichwa, vyote. Vijiko viwili kwenye uji wa Eli. Vingine kwenye mboga yangu ya majani ya maboga.

Eli kakunja uso. Kisha kafungua mdomo.

Harufu ilifika kwenye bani. Nyanzala, anayefunga majani pembeni yangu, hawezi kunyamaza. "Muha na dagaa wake! Tumbaku ya tajiri itakataliwa sokoni, itanuka ziwa."

"Nyie mnanuka samli tangu mzaliwe, nani kawakataa?"

Tulicheka mpaka fito zikaanguka. Bibi naye alicheka, kidogo, akageuza uso nisione.

Jumamosi, 15 Februari

Siku nane bila maziwa. Hajatapika tangu Jumatatu. Vipele vinakauka, vinaacha ngozi nyeupe kama unga. Choo safi. Nimekiangalia kwa furaha kama mtu mwenye kichaa.

Mimi nina njaa. Maharage, mlenda, majani ya kunde, ugali, dagaa. Tumbo linajaa lakini hamu haiishi. Leo nimepita karibu na mgando wa Bibi, mate yakajaa mdomoni. Naupenda mgando. Sikujua mpaka nilipoukataa. Nikatema mate, nikaendelea na fito.

Tatizo ni uji wa Eli, ninaomnywesha mwenyewe mchana nikipumzika. Chupa ya plastiki inapata joto karibu na bani, uji unanuka. Nimeona vibuyu vya zamani vinaning'inia jikoni kwa Bibi, nikamwomba kimoja. Kanipa bila kuuliza cha nini. Tangu nimrudishie vikombe hatuongei sana.

Uji umekaa baridi mpaka saa nane. Una uchachu mtamu. Eli kamaliza wote, kalamba mdomo wa kibuyu.

Jumatano, 19 Februari

Katapika mara mbili. Vipele shingoni. Mchana, damu.

Nilikaa chini pale pale kwenye majani.

Mimi sijaonja hata tone la maziwa. Kwa hiyo kuna mtu. Mchana kutwa yuko na nani? Na nani ana upawa wa mgando mkononi siku zote?

Alhamisi, 20 Februari

Nimemwambia Bibi mbele ya wote. Umempa mwanangu maziwa, kwa siri, ili useme nesi ni mwongo.

"Sijampa."

"Umempa."

Akachukua kigoda chake, akaingia ndani. Nyanzala akaacha kufunga majani. Kazi ikaendelea kimya mpaka jua linazama, mara ya kwanza tangu Novemba.

Sijutii. Kuanzia kesho Eli atakaa mgongoni kwangu.

Jumamosi, 22 Februari

Siku ya pili yuko mgongoni. Joto la bani, gundi, jasho lake na langu. Nimefunga fito ishirini na tano tu. Tajiri kaziangalia, kaangalia mgongo wangu, kapita.

Bado damu.

Hajaguswa na mtu. Chakula chake chote kimetoka mkononi mwangu. Hasira yangu imekosa pa kwenda. Inazunguka, inarudi.

Jumapili, 23 Februari

Ni kibuyu.

Sikwenda kanisani. Nilitoa kila kitu kinachogusa mdomo wa Eli. Kijiko, bakuli, sufuria. Nikafika kwenye kibuyu. Nikamwaga maji ya moto ndani, nikatia changarawe kama mama anavyoosha vibuyu vya pombe, nikatikisa kwa nguvu. Yakatoka mabonge meupe. Mafuta yakaelea juu. Nikanusa. Moshi na siagi.

Huku kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Kinafukizwa kwa moshi wa kuni na kurudishiwa maziwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka maziwa yanaingia kwenye ukuta wake. Ndiyo maana mgando wao ni mtamu. Miezi mitatu nimemwona Bibi akifukiza. Sikujiuliza kitu.

Nilikiomba mwenyewe. Nikajaza uji mwenyewe. Ule uchachu niliousifia ulikuwa maziwa. Siku nane nimemnywesha mwanangu sumu yake kwa mkono wangu, nikamtukana mama wa watu.

Nimelia. Kisha nimechemsha uji mwingine, kwenye sufuria niliyoisugua kwa majivu na sabuni.

Jumatatu, 24 Februari

Nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo nimeomba msamaha mbele ya watu wale wale. Nikasema nimekusingizia, bibi, ni kibuyu. Na kwa sababu sitaki aelewe vibaya, nikasema pia maziwa bado tunakataa.

Bibi kanigeukia. "Hicho kimesuka siagi tangu Masanja hajaoa. Nilidhani unakitaka kwa maji yako ya kunywa. Ungeuliza, mayu."

"Ningeuliza."

Akakichukua, akachungulia ndani, akanusa. "Umekiosha na maji ya moto?"

"Na changarawe."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Umekiua!"

Tusi langu hakuwa amelililia. Kibuyu kilimtoa machozi. Nyanzala aliinama kwenye fito zake, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilitaka sana.

Ijumaa, 28 Februari

Damu imekwisha tangu jana. Uji napika mara mbili kwa siku, hauwekwi popote. Napoteza fito nne, tano hivi. Tajiri akilalamika nitamwambia akate kwenye malipo yangu.

Eli amerudi kukaa na Bibi. Nilimpeleka mwenyewe, nikamkabidhi mkononi, nikaondoka bila kugeuka. Hilo lilikuwa gumu kuliko msamaha.

Jioni nimekuta mayai mawili juu ya mkeka wangu. Bibi kapita na kuni zake, kasema bila kusimama, "Hayatoki kwa ng'ombe."

Alhamisi, 6 Machi

Mstari umepanda. Kidogo, upana wa ukucha. Nesi kauangalia, kaniangalia, bado hakucheka. Nimemweleza habari ya kibuyu. Kaandika kwenye daftari lake, anasema atawauliza na akina mama wengine. Tuendelee hivi hivi. Baadaye sana, mtoto akishakuwa na nguvu, watajaribu tone moja la maziwa pale pale zahanati, kwa macho yao. Watoto wengi wanakuja kuyakubali. Wengine hapana. Nikasema akiwa wa hao wengine, dagaa wapo.

Vidonge vingine vyangu. Miguu haikazi tena kama zamani.

Nimempelekea tajiri kadi bila kuitwa. Nikaweka kidole kwenye mstari, hapa ulikuwa, hapa upo. Kaishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Haya," akasema. "Kesho tunajaza bani la tatu."

"Nitakuwepo."

Jumapili, 9 Machi

Mvua tangu asubuhi. Hakuna kazi.

Bibi Kabula kaja na kibuyu kipya chini ya kanga. Kilikauka mwaka jana darini, hakijatobolewa. Ukikitikisa mbegu zinalia ndani. Kakata mdomo wake kwa kisu kidogo, taratibu, akatoa mbegu na utando. Shingoni kafunga uzi mwekundu, mafundo matatu, ili mtu yeyote jikoni kwake ajue kwamba hiki hakiguswi na maziwa.

"Hakijawahi kuona ng'ombe," kasema.

Kipya kina uchungu. Kinalowekwa siku tatu, maji yanabadilishwa kila asubuhi. Safari hii niliuliza.

Sasa kiko kwenye ndoo pembeni yangu, nimekikandamiza na jiwe. Eli kashika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili, kasimama, anakiangalia. Mbegu nimeziweka kwenye kopo, za kupanda.