Nilimwambia Mama Mkwe Tunakwenda Kumtafuta Mwanawe

Mpendwa Bi Griselda,

Naomba msaada wako, na naomba ubadilishe majina, kwa sababu mke wangu husoma safu yako gazetini kila Jumapili kabla hata hajanywa chai. Mimi nafungasha zabibu hapa Rancagua, kazi yetu haina mapumziko mpaka mavuno yaishe, na likizo yangu huja mara moja tu kwa mwaka, Aprili, vuli inapoanza na bahari inapoamka, na kila Aprili mimi na rafiki zangu wawili, Bastián na Iván, tunafunga mbao zetu za kutelezea mawimbini juu ya gari tunakwenda Punta Maitén, kijiji alikozaliwa mke wangu Yasna, kupanda mawimbi kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Tunalala kwa mama mkwe, Mama Eduvina, anatupikia supu ya kome, na siku hizo, Bi Griselda, ndizo ninazoishi, nyingine zote nafanya kazi tu. Utasema pwani ya Chile ni ndefu, twende kwingine, lakini kwingine kote kumejaa watu, na wimbi la Punta Maitén linakubeba kutoka kwenye miamba mpaka karibu na kanisa, na hakuna anayekusukuma.

Sasa mwezi wa pili shemeji yangu Nibaldo, kaka wa Yasna, alikuwa anakata mwani kwenye miamba maji yakiwa yamepwa, wimbi likamchukua na mpaka leo hajaonekana. Kwao mtu akipotea hivyo bahari hufungwa, yaani mashua zinatoka kuvua kwa sababu watu lazima wale, lakini hakuna kuogelea wala mbao wala mchezo wowote majini mpaka mwili upatikane, au mpaka nguo za marehemu zikeshewe na kuzikwa badala yake. Mkesha wa nguo za Nibaldo ulikuwa umepangwa Jumamosi ya wiki ijayo, padri ameshaitwa, na hiyo ndiyo Jumamosi ya safari yetu. Sitakuficha, nilipoambiwa tarehe nilikasirika, kwa sababu Nibaldo alipokuwa hai aliniita mtalii mbele ya watu, kila nikifika anauliza, "Mtalii, umekuja na taulo lako?" na nikajiambia huyu hata akifa ananiharibia.

Niliwaeleza wenzangu. Iván akasema basi tuahirishe. Bastián akacheka, "Wewe ndiye mkwe wa wavuvi, kaombe ruhusa kwa samaki!" Halafu akasema, "Sikiliza, kaka. Mashua haziwezi kuingia kwenye miamba pale mawimbi yanapovunjika. Sisi tunaweza. Mwambie mama mkwe wako tunakuja kumtafuta mwanawe. Nani atakataa?" Na mimi, Bi Griselda, nikapiga simu.

Nilimweleza Mama Eduvina kwamba tunakuja kumtafuta Nibaldo. Akaniuliza, "Mtaingia mle kwenye miamba, mwanangu?" Nikasema, "Tutaingia, mama." Akaniuliza, "Lini?" Nikasema Ijumaa mpaka Jumapili. Akasema, "Umeitazama bahari ya Ijumaa?" Nikasema, "Nimeitazama, mama, itakuwa nzuri sana." Akasema, "Haya. Njooni. Nitamwambia padri asubiri."

Tangu siku hiyo mkesha umeahirishwa, na Yasna, ambaye tangu msiba alikuwa ananigeuzia mgongo, alinikumbatia jikoni akalia begani kwangu akasema, "Sikujua kama unamjali kaka yangu." Amewapigia simu shangazi zake wote. Iván amejitoa, anasema hataki laana ya mtu. Bastián anasema tutafute kidogo asubuhi, tuonekane, halafu tupande mawimbi mchana upande wa kaskazini ambako hawatuoni. Je, nikifanya hivyo naumiza nani, maana kutafuta tutakuwa tumetafuta? Au nimwambie mke wangu ukweli na kuharibu kila kitu, ilhali sasa nyumbani kuna amani? Nijibu kabla ya Ijumaa hiyo ya safari.

Niliyekwama, Rancagua

*

Ndugu Uliyekwama,

Majina nimebadilisha. Hayatakusaidia, na wewe unajua. Kuna wanaume wangapi Rancagua wenye ubao juu ya gari na shemeji aliyechukuliwa na bahari mwezi wa pili? Unajua mkeo hunisoma, na bado ukaniandikia. Nadhani ulitaka nikusemee. Gazeti limeshafika mlangoni, kwa hiyo muda ulio nao ni huu wa chai kuchemka.

Nakupa pole ya shemeji, hata kama hamkupendana. Kumkasirikia marehemu si dhambi niliyoiona kwako peke yako. Watu wanawakasirikia wafu wao kila siku, kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Na sikulaumu kwa kuipenda likizo yako. Pole zangu zinaishia hapo.

Kabla ya kupewa safu hii niliandika habari za bandari kwa miaka mingi, na nimesimama na familia nyingi ufukweni zikisubiri. Ninachokueleza sasa anakijua kila mtu wa Punta Maitén. Kwenye miamba hutafutwa siku ambayo bahari imelala, maji maangavu, mtu anaona chini. Siku ya mawimbi makubwa hakuna anayetafuta chochote. Maji yanakuwa meupe kwa povu, na anayeingia anaweza kuwa wa pili kutafutwa. Nimetazama utabiri: Ijumaa mawimbi yatapita urefu wa mtu, Jumamosi yatazidi. Ulichagua tarehe zako kwa ajili ya mawimbi hayo.

Sasa rudia mazungumzo uliyoniandikia mwenyewe. Mama Eduvina alikuuliza kama umeitazama bahari ya Ijumaa. Hilo halikuwa swali la hali ya hewa. Alikuwa anakupa nafasi. Ungesema, "La, mama, sijaitazama," angekuchukulia kuwa mtu wa mjini asiyejua. Ukasema umeitazama na itakuwa nzuri sana. Kwa mtu anayetafuta maiti, bahari ya Ijumaa ni mbaya kabisa. Kwa mwenye ubao ni nzuri sana. Kwa neno hilo ulimwambia unachokwenda kufanya.

Amejua tangu siku hiyo. Wavuvi nao wamejua, maana taarifa hiyo haikai ndani ya nyumba moja. Huo upande wa kaskazini ambako Bastián anadhani hamtaonekana, nani amemwambia hakuna macho?

Utaniuliza, kama anajua, mbona alimwambia padri asubiri? Sijui, na sitajifanya ninajua. Huenda anangoja aone kama utamtazama usoni na kusema tena. Huenda anajua kabisa kwamba huwezi kumpata mwanawe, na bado hawezi kumkatalia mtu aliyesema ataingia kule. Nimewaona akina mama wa namna zote mbili. Kwa vyovyote, nguo za mwanawe zimekunjwa juu ya kitanda hazijazikwa, na sababu ni wewe.

Unauliza unaumiza nani. Mkeo alilia begani mwako kwa jambo ambalo hukulifanya. Hiyo unayoiita amani umeikopa kwa jina la mtu aliyekufa, na Iván, ambaye si ndugu yao, ameliona hilo kabla yako.

Basi fanya hivi. Mwambie Yasna sasa, akiwa bado hajaufungua ukurasa huu. Usianze na Bastián. Bastián alitoa wazo, simu ulipiga wewe. Akikasirika, usimwambie ulifanya hivyo ili kumfurahisha, maana hukufanya hivyo.

Kisha mpigie Mama Eduvina wewe mwenyewe, si kupitia mkeo, na utumie neno "nilidanganya." Usiseme "hatukuelewana." Mwombe amrudishe padri Jumamosi kama anataka. Akikata simu, usimpigie tena siku hiyo.

Bastián mwambie safari imekufa. Akikutania, mwache atanie. Hana mama mkwe Punta Maitén.

Ijumaa nenda peke yako, na ubao. Jumamosi kaa kwenye mkesha mahali utakapowekwa, hata kama ni nje, na mawimbi yakipita mbele ya kanisa yaache yapite. Bahari italala kuanzia Jumanne. Likizo yako itakuwa imekwisha. Omba siku za ziada kazini bila malipo. Jumanne hiyo waendee wavuvi alfajiri, uwaulize wanataka uingie wapi. Wakikuambia rudi nyumbani, rudi. Wakikuonyesha mwamba, ingia, ulale kifudifudi juu ya ubao na utazame chini mpaka watakapokuita.

Pengine hutapata kitu. Wengi hawapati. Usitegemee kusamehewa, na usimuulize mtu yeyote kama umesamehewa. Ulisema utamtafuta. Katafute.