Nyuma Reli, Mbele Lami

Jumatatu, 6 Novemba

Nimetangaza tena leo. Kipaza sauti begani, kutoka msikitini mpaka mwisho wa mtaa, koo limekauka. Kituo cha magari kimehamishwa. Kuanzia sasa abiria wote watapandia ng'ambo ya barabara, upande wa hospitali. Kila mlango niliopita watu waliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeking'oa kituo na kukibeba kichwani. Ndiyo kazi ya mtendaji wa mtaa. Unashusha maneno ya wakubwa, unapandisha matusi ya wadogo.

Sababu wanayoitoa ofisini: magari yakisimama upande wetu yanaziba malori. Kikao kilichoamua hivyo sikualikwa. Nilipewa tangazo tu.

Mtaa wa Miyombo umebanwa. Nyuma reli, mbele lami. Soko liko ng'ambo, hospitali ng'ambo, sasa na kituo ng'ambo. Na lami yenyewe inateremka kutoka kwenye kona. Tangu ilipotengenezwa upya madereva wanashuka nayo wamekanyaga mafuta. Alama ya kuvukia hakuna. Tuta hakuna.

Petro amepiga simu kutoka Choma. Milembe ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka hovyo kila mtu ayaone mapengo. Mimi sijayaona. Mume na mtoto wako Choma na ng'ombe, mimi niko Tabora na kipaza sauti. Barua ya kuomba uhamisho nilipeleka mwaka jana. Nimechoka kuwa mgeni kwenye ndoa yangu.

Jumatano, 8 Novemba

Mkutano wa mtaa. Watu wengi, hasira nyingi. Bi Zuwena, mwenye nyumba wangu, alikaa mbele na mkongojo wake. Ukoo wao ulifika hapa na misafara ya pembe na haukuondoka tena. Akasema, "Kituo ni mahala mtu anapotua mzigo, mwanangu. Wapagazi walitua hapa kabla ya reli, kabla ya hao mabwana zako wa ofisini. Sasa sisi tutatua wapi, kaburini?"

Watu wakacheka. Mimi pia, kidogo.

Wamekubaliana jambo moja. Kama kituo hakirudi, basi yawekwe matuta, magari yapunguze mwendo. Nimeandika muhtasari jioni hii hii, kwa mwandiko mzuri: "Wananchi wa Miyombo wanaomba matuta kwa haraka, kabla mvua hazijachanganya." Nimeupeleka masjala mwenyewe. Safari hii nimeridhika.

Jumatatu, 13 Novemba

Sijui nicheke au nilie.

Asubuhi amekuja mtu wa makamo na pikipiki, kofia ya majani, kamba na vijiti. Masanja, bwana shamba. Msukuma mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Akanisalimu kwa kwao, "Mwangaluka, mayo. Nimeambiwa hapa kuna kikundi kinataka matuta." Nikamjibu kwa furaha, nikampeleka barabarani. Akatazama lami. Akatazama kamba yake. Akauliza shamba liko wapi.

Muhtasari wangu umepelekwa kilimo. Mwezi wa kumi na moja, Tabora, mtu anaomba matuta kabla ya mvua: nani angewaza barabara? Masjala wamewaza viazi. Na mimi, mtoto wa mkulima, sikuona nilichokiandika.

Bi Zuwena alicheka mpaka akashika mbavu. Masanja naye akacheka, halafu akaacha, maana lori lilipita pale tuliposimama na upepo wake ukamvua kofia. Hakuiokota mara moja. Akaniuliza kama watoto wa shule wanavuka hapa. Nikamwambia kila siku.

Jumanne, 14 Novemba

Nimeenda kwa Bosi, Mtendaji wa Kata. Nimeeleza kosa. Matuta ya barabara, siyo ya viazi. Naye amecheka. Kila mtu anacheka. Kisha akaniambia barabara ile haiko mikononi mwa kata, ombi liende ngazi ya juu, na bajeti ya mwaka huu imeshapita. Nisubiri ijayo.

Nikiwa mlangoni akaniita. Uhamisho wangu umefika mezani kwake. Unahitaji maoni yake tu. "Mambo yako yanakwenda vizuri, dada. Usiyaharibu."

Nimerudi kwa miguu. Nilipofika pale pa kuvukia nilisubiri sana. Kina mama wawili na ndoo za nyanya walikuwa wanasubiri nami. 

Ijumaa, 17 Novemba

Bi Zuwena amegongwa.

Alikuwa anakwenda kliniki ya presha. Pikapu ilitoka kwenye kona. Alishavuka nusu, akasita, akataka kurudi. Wanaojua wanasema hapo ndipo anapokufa mtu, anaposita. Hakufa. Nyonga imevunjika. Mkongojo ulikutwa mtaroni.

Nalala naye wodini leo. Jioni hii ananiuliza kama jiko nimelizima. Nina hasira.

Jumapili, 19 Novemba

Wametoka misani, wametoka majumbani, Waislamu na Wakristo, na majembe. Bila tangazo. Mtaa huu nikiitisha usafi wanakuja wanne. Leo walijaa barabarani.

Masanja yumo. Kafunga kamba kutoka ukingo hadi ukingo. "Ombi lililetwa kilimo," akasema, "basi kilimo tumekuja." Wakachota udongo na changarawe za kando ya reli, wakaumwaga juu ya lami kufuata kamba, wakapiga kwa migongo ya majembe. Tuta limenyooka. Wanyamwezi tunajua tuta.

Mimi nilisimama mlangoni kwa Bi Zuwena. Nikienda kusaidia nimevunja sheria. Nikienda kuzuia nimevunja mtaa. Nikaingia ndani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatatu, 20 Novemba

Magari yanapunguza. Yote. Malori yanapanda tuta kwa adabu kama yanaingia ukweni. Watoto wamevuka wakitembea, hawakukimbia. Nimesimama kuwatazama nikachelewa ofisini.

Mtu amechomeka marando ya viazi juu ya tuta, pembeni, pasipokanyagwa na tairi. Utani huo. Nimecheka peke yangu njia nzima.

Mchana Bosi kapiga simu. Hakucheka. Jumatatu ijayo kuna ugeni mkubwa, unapita barabara hiyo hiyo asubuhi. Tuta liondoke kabla ya Ijumaa jioni. Nikamwambia kuhusu Bi Zuwena. Akasema pole. Akasema pia kwamba karatasi yangu ya uhamisho iko mbele yake, kalamu iko pembeni yake, na yeye ni mtu wa haki. Amri nimeikubali. Nilisema, "Sawa, Bosi." Maneno mawili. Bado yananikera mdomoni.

Jumatano, 22 Novemba

Nimetafuta vijana wa kulifumua. Nimezunguka kwa wapiga tofali, kwa wachimba choo. Hakuna. Mmoja kaniambia, "Mama, hilo tuta bibi yangu kalipiga. Nitalala wapi?" Mwingine alinipa jembe. Akasema, "Shika mwenyewe."

Nimelichukua. Nimekwenda nalo hadi barabarani mchana kweupe. Nimesimama kando ya tuta. Akina mama kituoni, ng'ambo, wakanitazama wote. Nikageuka nikarudi nyumbani na jembe begani kama niliyepotea njia ya shamba.

Petro anasema nilifumue, tuta si mtoto. Milembe naye akachukua simu, akaniuliza nitafika lini, kwa s zake za mapengo. Naogopa kupoteza uhamisho. Naandika hivyo hivyo. Naogopa. Na nikilivunja naogopa zaidi.

Huko nyuma treni ya mizigo imepita polepole. Hata ningetaka kukimbia, ningekimbilia wapi.

Alhamisi, 23 Novemba

Mvua. Mvua yenyewe, siyo rasharasha. Imeanza alfajiri, imekuja na upepo kutoka upande wa reli. Nimekaa kitandani nasikiliza maji yanavyoshuka barabarani nikajua. Tuta la udongo juu ya lami, halina hata mzizi wa kushikilia.

Nikachukua lile jembe nikatoka. Nilitaka kufungua njia ya maji mtaroni, yapite pembeni, yasilisukume tuta. Nimechimba nimelowa mpaka mifupa. Nilichimba kama mwendawazimu. Maji yakanizidi. Yalilikata katikati, kisha upande huu, kisha upande ule. Marando yakaenda yakielea.

Nilipoinua kichwa, kulikuwa na watu barazani mwa duka, wanajikinga mvua. Wananiona. Mtendaji, na jembe, juu ya tuta linalokwisha. Niliita, "Nisaidieni." Mvua ilikuwa kubwa. Sijui walisikia nini.

Ijumaa, 24 Novemba

Bosi amepiga asubuhi na mapema. Kapita mwenyewe na gari, kaona lami safi. "Umefanya kazi. Na kuchagua saa ya mvua, hapo umetumia akili." Mchana karatasi imesainiwa. Niripoti kwetu Igunga, nianzie kata ya Choma. Naweza kuondoka Jumatatu.

Sikumwambia kwamba ni mvua.

Mtaani nimesalimia, salamu imeanguka chini. Mwanamke mmoja kajibu "za kwako" akiwa ameshanipa mgongo. Watoto wa shule walikuwa wamefika ukingoni mwa lami, wanasubiri, wameshikana mikono, na gari zinashuka kama zamani. Aisifuye mvua imemnyea, wanasema. Mimi imeninyea na sina pa kuisifu.

Nikiwaambia majirani ukweli, kesho Bosi anajua na karatasi inachanika. Nikinyamaza, nimelivunja. Pande zote mbili wameshaamua, na wote wamekosea, na nimebaki katikati yao nimefunga mdomo.

Jumamosi, 25 Novemba

Bi Zuwena amerudishwa nyumbani. Wamemlaza chumba cha mbele, dirisha linatazama barabara. Hatainuka kwa miezi, pengine hatainuka kabisa. Mtu aliyezoea kuizunguka Tabora nzima kwa mkongojo sasa dunia yake ni dirisha.

Nilimpelekea uji. Akaunywa. Kisha akaniuliza, bila hasira, "Ni wewe, Leokadia?" Ananiita mwanangu siku zote. Leo kaniita jina.

Ningeweza kusema si mimi. Mkwewe alikuwa mlangoni anasikiliza, na dada yake huyo mkwe anafagia kwa Bosi. Nikasema uji utapoa. Akageukia ukutani.

Nimefunga mizigo. Haijai hata begi moja na ndoo. Najichukia.

Jumatatu, 27 Novemba

Niliamka mapema. Niliacha ufunguo kwa mkwewe Bi Zuwena. Bi Zuwena mwenyewe alikuwa amelala, au alijifanya amelala. Nikabeba begi na ndoo hadi ukingo wa lami. Basi la Igunga linapita kituoni asubuhi, ng'ambo, pale nilipotangaza mimi.

Nilisimama. Lori. Pikapu. Bodaboda mbili zinafukuzana. Kando yangu mama na mtoto mgongoni, karatasi ya kliniki mkononi. Hakunisalimia. Alikuwa anaweka mguu mmoja kwenye lami, anaurudisha. Anaweka, anaurudisha. Na mimi hivyo hivyo. Miguu yangu ilikataa. Nilimwona Bi Zuwena alivyosita.

Basi likafika, likasimama, utingo akapiga ubavu wa bati, akaita Nzega, Igunga. Nilipunga mkono. Hakuniona, au aliniona akafikiri nasalimia. Likaondoka.

Nikatua begi. Nikarudi uani nikachukua jembe. Udongo umelowa, unakatika vizuri. Niliuchota kwa ile ndoo ya safari baada ya kumwaga nguo zangu juu ya begi. Ndoo ya kwanza, nikaimwaga kwenye lami, gari likapiga honi likanikwepa. Ya pili. Sikumtazama mtu. Baadaye nikasikia jembe jingine nyuma yangu, na jingine. Mtu aliweka jiwe kubwa mbele yetu ili magari yatuone.

Tuta halikunyooka. Halikuwa na kamba. Lori la kwanza lilipofika likapunguza, likapanda taratibu, na nyuma yake yule mama akavuka na mtoto wake, anatembea.

Ugeni ulipita tungali pale, matope mpaka magotini. Gari lililoongoza lilinguruma kidogo juu ya tuta. Bosi alikuwa kwenye la pili. Aliniangalia kupitia kioo, muda mrefu. Atasema kesho.

Jioni nimeingiza nguo zangu, zimelowa matope. Bi Zuwena dirishani alikuwa ametazama yote. Ameomba uji.

Petro kapiga simu. Milembe alikuwa amekaa stendi na baba yake tangu mchana. Mtoto akachukua simu, akaniuliza niko wapi. Nikamwambia niko Miyombo. Akauliza kwa nini.

Nikamwambia nimeshindwa kuvuka barabara.