Mguu wa Eustace

Hospitali ya Mgodi, Geita
3 Februari 1953

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyumbani hamjambo na goti la mama limepoa. Mimi mwili mzima, ila roho inatapika.

Upasuaji nilioutaka mwenyewe umenishinda. Umebaki mwaka mmoja nihitimu, na siutaki tena. Mchimbaji akivunjika mguu, bwana mkubwa, daktari wetu wa upasuaji, hangoji: kuunga ni miezi mitatu kitandani, kukata ni wiki tatu. Basi ni msumeno tu. Mimi ndiye ninayeushika mguu, kisha nautupa katika ndoo moja na bandeji za usaha. Jana mzee mmoja Msumbwa alizinduka akaniuliza, "Mguu wangu mmeuzika wapi?" Ulikuwa umeshachomwa pamoja na takataka. Harufu imeniganda vidoleni, hata ugali siumezi.

Nataka kuomba wodi ya watoto.

Mwanao, Valerian

Segese
15 Februari 1953

Ng'wana wane Valerian,

Marahaba. Goti la mama yako limepoa, sasa ana nguvu za kugombana na majirani.

Kinyaa nakijua. Miaka thelathini naunga mifupa ya watu, na wengine huja wananuka kuliko fisi. Hicho si cha kukutoa kazini. Lakini kutupa mguu ambao ungepona! Hapo hata mimi natema mate. Nenda kwa watoto. Na ukimwona mtu anataka kukatwa bure, mlete kwangu.

Baba yako, Mageni

Geita
4 Machi 1953

Baba,

Shikamoo. Anayekuletea barua hii ni Eustace, mchimbaji kutoka Bukoba. Jiwe lilimvunja mguu chini ya goti, na kesho angekatwa. Nimemtorosha kwa lori la Donatus, dereva rafiki yangu. Ana jeraha kidogo, nimelifunga. Muunge, baba, tuwaaibishe.

Mwanao, Valerian

Segese
5 Machi 1953

Valerian,

Leo salamu zingoje. Nilipofungua bandeji yako mama yako alikimbia, nami nikaziba pua. Vidole vimekuwa vyeusi, usaha umepanda hadi karibu na goti. Huo unauita jeraha kidogo? Bwana wako mkubwa namchukia, lakini huu angeukata kwa haki.

Mimi naunga, kukata sijui. Eustace anaweweseka kwa homa, na akirudishwa kwenye lori hatafika. Donatus anakuletea hii. Njoo na msumeno.

Baba yako

Geita
6 Machi 1953

Baba,

Shikamoo. Kinyaa ninacho bado, safari hii cha nafsi yangu. Jeraha lile lilinuka, nikageuza uso, nikalifunga upesi bila kulitazama. Barua ya kuomba wodi ya watoto nimeichana.

Donatus anatangulia na hii, mimi nangoja dawa ya usingizi kutoka stoo, kisha nafuata na lori la mchana. Vyombo nimeshavichemsha. Nanyi chemsheni maji mengi, na Eustace asile kitu.

Akipata fahamu, muulize anataka mguu wake uzikwe wapi. Shimo nitalichimba mwenyewe.

Mwanao, Valerian