Friza ya Tatu

Chumba cha 14, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Bohari ya Dawa.
9 Agosti.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu wa mbali,

Salamu nyingi kutoka kwa mkeo mzee. U hali gani, na macho yako yanayoshinda kwenye kioo cha kompyuta yanaendeleaje? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto hunikumbusha ngazi kila asubuhi. Ni miaka thelathini na moja tangu nihame, na hapa bohari bado naitwa Bi Mgeni. Nikiitwa kwa jina langu halisi huenda nisiitike.

Nakuandikia kukushukuru, na shukrani hii ina kisa chake.

Kazi yangu unaijua: friza tano za chanjo, kila moja naisoma joto mara nne kwa siku na kuandika daftarini. Ile programu uliyonifundisha kwa simu, ya orodha kubwa yenye orodha ndogo ndani yake, nimeimaliza. Kila orodha ndogo ni friza moja. Programu hutoa namba kubwa kuliko zote katika kila friza, maana joto likipanda kupita hasi kumi na tano, chanjo ya humo haifai tena.

Ijumaa niliiendesha mbele ya mfamasia mkuu. Ikatoa sifuri, zote tano! Mama wa watu akashika kichwa.

"Bi Mgeni, umetumaliza! Chanjo zote zikateketezwe kabla ya saa sita."

"Subiri, mama. Daftari nimeliandika kwa mkono wangu. Friza zote ni salama."

"Basi nani mwongo, wewe au mashine yako?"

Akanipa nusu saa.

Nikakumbuka ulivyonigombeza: "Bibi, usiibembeleze kompyuta. Ifuate kwa kidole, hatua kwa hatua." Nikaifuata. Kumbe nilikuwa nimeiambia ishike sifuri kwanza, kisha iibadilishe ikikutana na namba kubwa zaidi. Sasa hasi ishirini na moja itaishindaje sifuri? Sifuri ambayo haikusomwa kwenye friza yoyote ikakaa pale hadi mwisho. Nikaiambia ianze na namba ya kwanza ya friza yenyewe, kila friza na ya kwake.

Ikatoa hasi kumi na nane, hasi kumi na tisa, hasi kumi na mbili, hasi kumi na nane, hasi ishirini.

Hasi kumi na mbili! Nikafungua daftari. Friza ya tatu, Jumanne alasiri, mwandiko wangu mwenyewe. Niliiandika nikaipita, na muda mfupi tu uliopita nilikuwa nimeapa kwamba zote ni salama. Ningenyamaza, nani angejua? Lakini watoto wangechomwa dawa iliyokufa, na mama zao wangerudi nyumbani wakiamini wamekingwa.

Nikaenda. "Nne ni salama, mama. Ya tatu imeharibika, na kosa la kutoiona ni langu."

"Lete funguo tuitoe," akasema. "Na hiyo mashine yako, Bi Mgeni, isizimwe."

Jumatatu nilisimama mlangoni pa kliniki nikiwasikiliza watoto wakilia kwa sindano. Sijawahi kushukuru kilio namna ile, na shukrani hiyo nimekutumia wewe.

Nisalimie mama yako, shangazi yako fundi cherehani, na mdogo wako Kiguu na Njia, kama yupo nyumbani. Mungu akulinde, akuzidishie subira uliyonayo kwa wanafunzi wenye mvi.

Ni mimi bibi yako, akupendaye bila kikomo.