Niachie Mkeka Mmoja

Kasablanka, 4 Mei

Shangazi Restuta,

Shikamoo. Huku ndizi za kupika hakuna kabisa, nala mkate kila siku kama mgonjwa. Yule ng'ombe wako mwekundu ameshazaa?

Juzi mwandishi wa habari aliniuliza nilijifunzia wapi kuchezesha miguu hivi. Nilipochezea Nairobi, na baadaye Uturuki, nilidanganya kwamba nilipita shule ya mpira. Niliona aibu. Safari hii nimesema kweli: nilijifunzia hapo kwako Nyaishozi, uliponituma kugeuza kahawa juani kwa miguu, peku, huku unafoka, "Wewe Kyarisiima, usiikanyage, ipapase!" Mpaka leo nikigusa mpira nasikia zile buni zenye joto nyayoni.

Kano ya goti imekatika tena, lilelile la kulia. Usilie, nimeshalia kwa niaba yetu sote wawili. Klabu imeniaga vizuri, na mwezi wa sita narudi nyumbani moja kwa moja.

Mkianza kuanika, niachie mkeka mmoja. Daktari amenikataza mpira. Kahawa hajaitaja.

Mtoto wa kaka yako,
Kyarisiima