Mpigaji Mzee na Jina la Mjomba Hilari

Mama, shikamoo.

Naanza mimi kukuamkia, kama ilivyokuwa siku zote. Goti linaendeleaje? Maji ya bomba bado yanafika Chilangala, au mmerudia kuchota mbali? Mimi ni mzima. Baridi ipo, kazi ipo, nakula.

Barua hii namtumia dada Agnesi kwa simu, aichapishe Newala mjini na kuwasomea wazee wa ukoo, kwa kuwa umesema hawataki jibu la mdomo. Wanataka kujua kama nitakuja kwenye arobaini ya Mjomba Hilari, kaka yako mkubwa, nirithi jina lake na kukaa mahali pake. Najua mdogo wetu Tumaini anasubiri. Posa yake imeletwa, na bila Hilari mpya hakuna wa kuipokea.

Kwanza nikueleze kazi niliyofanya wiki hii, maana jibu limetoka humo.

Gazeti lilinituma kaskazini mwa Uingereza kuandika maisha ya mzee mmoja, mpigaji wa kriketi. Ni mchezo wa gongo la ubao na mpira mgumu. Mpigaji analinda vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma yake. Vikiangushwa, anatoka na mwenzake anaingia. Mzee huyu ni mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Alianza na gongo alilochongewa na baba yake, akaishia kuipatia Uingereza mikimbio, ndizo pointi zao, mingi kuliko mpigaji yeyote kabla yake. Rekodi hiyo ilikaa miaka mingi, kisha kijana mmoja akaivunja.

"Uliumia?" nilimuuliza.

"Siku hiyo nilikuwa napalilia viazi."

Mkewe akacheka kutoka jikoni. "Mwongo huyu! Alipalilia mpaka viazi vyenyewe akaving'oa. Tukaenda kununua sokoni."

Siku yake inayotajwa kuliko zote ni ile aliyopiga tangu asubuhi mpaka jioni bila kutolewa. Asubuhi hiyo alikuwa ameletewa habari kwamba baba yake amefariki. Walioandika habari zake wanasema alicheza kwa ajili ya baba. Nilimuuliza kama ni kweli.

"Nilicheza kwa sababu mpira ulikuwa unakuja," alisema. "Sikuhisi kitu. Watu wakaita ushujaa."

Niliandika maneno hayo kama alivyoyasema. Mdogo wangu Damiani aliponipigia kunipa habari ya msiba wa Mjomba, nilikuwa nahariri habari ya mafuriko. Nilisema sawa, nikamaliza habari, nikala, nikalala. Mpaka leo sijalia. Nakwambia ilivyo, Mama, usitafute ubaya humo.

Mzee aliniona naangalia simu mara kwa mara, akauliza kuna nini. Nikamweleza.

"Kwenu anarithi mtoto wa dada, si mtoto wa marehemu?"

"Ndiyo. Mjomba ndiye mwenye kauli."

"Na wanakungoja mpaka lini?"

"Mpaka arobaini."

"Mna subira. Kwetu mwenzako akitoka, una dakika chache uwe umeshasimama uwanjani. Ukichelewa, unahesabiwa umetoka, hata mpira mmoja hujauona." Akanitazama. "Kuna mwingine yuko tayari?"

"Yupo. Mdogo wangu."

"Basi unamzibia njia."

Mkewe akaleta chai. Tukahamia habari za viazi.

Mama, sitakuja. Kibali changu cha kuishi huku hakijatoka, na nikiondoka sasa sirudi. Lakini hata kingetoka jana, jibu lingekuwa hili. Damiani ndiye aliyemsitiri Mjomba kaburini. Ndiye aliyetoka alfajiri kupulizia dawa ya salfa mikorosho yake alipokuwa kitandani, na majirani wakigombania mpaka wa shamba tayari wanamwita yeye. Wazee wampe jina. Apokee posa ya Tumaini siku hiyo hiyo, mtoto asiendelee kukaa na mguu mmoja ndani na mwingine nje. Wakisema mkubwa hapitwi na mdogo, waambieni mkubwa mwenyewe amepisha, na barua yake ndiyo hii.

Nisalimieni mjane wa Mjomba. Mwambieni koti alilonishonea bado nalivaa. Shangazi wa Lupaso, mama yangu wa ubatizo, naomba aniwekee nia ya misa kanisani. Dada Agnesi, asante kwa kusoma. Usipunguze neno.

Jumapili uliponipigia, Mama, ulinisalimia kama ulivyokuwa ukimwamkia Mjomba, "Shikamoo, kaka." Ulitaka kuona kama nitaitikia. Nilinyamaza, ukasema mtandao umekatika. Haukukatika. Mwamkie Damiani hivyo siku ya arobaini, mbele ya watu, naye aitikie marahaba bila kuona haya. Mimi endelea kuniita kwa jina ulilonipa.

Mwanao,
Filipo