Mwanga Niliouingiza Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Tak. Kifuniko cha nyuma cha kamera kikifunguka. Sauti ndogo, kama ukucha ukikatwa. Niliisikia Desemba, siku ya mahafali, na bado iko sikioni hata nikiwa hapa studio, mjini Nakuru, nafuta chunusi kwenye nyuso za watu.

Leo nimefuta nyingi. Picha za pasipoti asubuhi nzima. Kisha mzee mmoja aliyetaka nimwongezee nywele. Nikamwongezea. Ametoka akitabasamu.

Siku ile ya mahafali dada yangu Faith ndiye aliyenipiga picha. Nilimpa kamera yangu ya filamu, ile niliyoiokota kwenye mitumba, nikasimama na joho. Akabonyeza. Nikaichukua, nikalipa jua mgongo, nikakifungua kile kifuniko unene wa ukucha tu, ndani ya kivuli changu. Nikafunga. Faith akapiga kelele. "Wewe Chebet! Umeharibu!"

Sikuharibu. Mwanga ukiingia kwa nyuma huiunguza filamu. Picha hutoka na ulimi mwekundu, au rangi ya machungwa, mahali ambapo huwezi kupachagua. Unakisia tu. Nimefanya mazoezi mwaka mzima. Nimechoma filamu nyingi bure hadi mkono ukajifunza.

Digrii ilikuwa ya Baba. Hesabu za bima. Yeye ndiye aliyeichagua, mimi nikaisoma. Nilitaka kitu kimoja cha siku ile kiwe changu.

Filamu iko Nairobi, inaoshwa. Nasubiri.

Alhamisi, 6 Machi

Baba amepiga simu kutoka nyumbani, Keringet. Maombi ya shukrani kwa ajili ya digrii yangu ni Jumamosi, tarehe 22. Pasta atakuja. Majirani wote. Picha yangu iwe imefika ukutani kabla ya hapo.

Ukuta naujua. Kaka yangu Weldon na joho lake. Faith na joho lake. Fremu za dhahabu, juu karibu na dari, ili mgeni ainue shingo.

"Umebaki wewe tu," akasema. "Watu wanauliza kama ulimaliza kweli."

Hilo liliniuma. Nikamwambia picha inakuja. Hakuuliza ni ya namna gani.

Fremu zote mbili zilitoka studio hii. Baba na Gitau, mwenye studio, wanajuana tangu mahafali ya Weldon. Ndivyo nilivyopata kazi. Sijisifu kwa hilo.

Jumanne, 11 Machi

Imefika!

Nimeinakili filamu kwenye kompyuta ya studio. Mwanga umeingia kutoka kushoto. Umekula bega, umekula joho, umekula kile cheti cha bandia tulichopewa kushika. Wekundu unaogeuka machungwa unaogeuka weupe mtupu. Umesimama karibu na shavu langu. Uso umebaki mzima. Nimekunja uso, naangalia mbele kama mtu aliyeulizwa swali na hataki kujibu.

Sijawahi kufanya kitu kizuri kama hiki.

Gitau alikuja nyuma yangu na kikombe chake.

"Ai, artist. Nani amemchoma huyu mtoto?"

"Ni mimi. Nilikusudia."

"Ulikusudia kuungua?" Akacheka hadi chai ikamwagika. "Sikiza, msichana wangu. Mzee wako akiona hii ataniuliza kama studio ilishika moto. Niachie nikusafishie. Kabla hujamaliza lunch imekwisha."

"Usiiguse, boss."

"Sawa, madam. Sijagusa." Akainua mkono mmoja, kama askari amemshika.

Jumapili, 16 Machi

Nimeichapisha kubwa na kuitia fremu nyeusi. Imeegemea ukuta hapa chumbani kwangu, kwenye hiki kijumba cha nyuma cha Milimani ninachopanga. Nikiamka naiona kwanza.

Faith amekuja baada ya kanisa. Aliitazama muda mrefu. Akasema ninaonekana nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika. Akasema Baba hataitundika hata kwa dawa.

Niandike wazi: namwogopa Baba. Hajawahi kunipiga. Namwogopa anaponyamaza. Lakini kama nitakaa ukutani pale maisha yangu yote, nitakaa hivi. La sivyo sikai.

Alhamisi, 20 Machi

Vumbi. Joto. Mvua imekataa.

Gitau amenipa ruhusa ya Jumamosi bila kulalamika, tena akanitakia maombi mema. Hana tabia hiyo.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika haraka, jikoni kwa Mama, watu wakiwa bado nje.

Nilifika saa nne na fremu yangu nimeifunga kwa leso. Sebule ilishajaa. Vitambaa vyeupe kwenye viti, pasta kwenye kiti cha Baba. Nikainua shingo kama mgeni.

Nilikuwa nimeshatundikwa.

Fremu ya tatu ya dhahabu. Mimi, safi, bila hata chembe ya wekundu. Joho limenyooka. Nyuma kuna rafu ya vitabu ambavyo sijawahi kuviona. Na mikono. Mikono miwili imeshika cheti, kucha ndefu zilizopakwa rangi, pete kwenye kidole.

Mimi sina pete. Kucha zangu ni fupi, zina madoa ya dawa za picha.

Mwili ule naujua. Ni wa mteja wa Januari, msichana aliyesomea sheria. Mikunjo ya joho lile niliinyoosha mimi mwenyewe kwenye kompyuta. Gitau amekikata kichwa changu kutoka kwenye picha yangu na kukibandika juu ya shingo ya msichana huyo. Baba alikuwa amempigia simu kuulizia picha, naye akamtumia hii, Mama aliniambia baadaye. Baba hakujua kuwa imeungwa. Kwake picha imefika na ni nzuri. Alikuwa amevaa koti lake la harusi.

Pasta akaomba, mkono ameuelekeza ukutani. Akamshukuru Mungu kwa yule pale. Watu wakampigia makofi yule pale. Nami nimekaa chini yake.

Ningenyamaza. Kweli ningenyamaza hadi watu waondoke. Lakini jirani yetu, Mama Chepkoech, akainua shingo akapiga kelele: "Na hiyo pete? Kuna mkwe tumefichwa? Mzee, umekula mahari peke yako!"

Sebule nzima ikacheka. Baba pia alicheka, kisha akaangalia vizuri, kisha akaniangalia mimi.

Nikapanda juu ya kiti. Nikaishusha. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Huyu si mimi. Kichwa tu ndicho changu." Nikafungua leso, nikaitundika yangu.

Hakuna aliyecheka tena. Mtu mmoja akasema, "Yesu." Mwingine akauliza kwa sauti ya chini kama nilipata ajali.

"Ni jua," nikasema. "Nililiingiza mwenyewe."

Baba akasimama. Akaishusha polepole. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kama unavyompa mgeni kitu chake alichosahau. Heri angeitupa. Kisha akawaambia watu, "Karibuni chakula."

Wakala. Ukuta ukabaki na watoto wawili.

Jumapili, 23 Machi

Kabla ya kanisa Baba aliniita kwenye shamba la viazi. Udongo umelimwa, unangoja mvua.

Alisema nilisomeshwa na shamba hili. Alisema hakuomba mengi, aliomba nionekane tu.

"Kwenye ile yangu ndipo ninapoonekana, Baba."

"Ile haiingii kwenye ukuta wangu."

"Basi hata ile nyingine haiingii."

Sijawahi kumjibu hivyo. Yeye akaokota jiwe akalitupa kwenye ua, akaenda kuoga.

Ile ya uongo nimeitoa kwenye fremu na kuichana nyuma ya jiko. Fremu ya dhahabu nimeirudisha mezani, imefutwa vumbi. Mama aliniona. Alinifungia maziwa ya kubeba.

Jumatano, 26 Machi

Mvua ilianza jana. Chumba kinanuka udongo. Kinavuja kidogo juu ya mlango, nimeweka sufuria.

Baba amepiga simu alasiri. Sauti ya kawaida. Alisema amemwagiza Gitau achapishe nyingine kama ile ya kwanza, aondoe pete tu. Gitau ameitafuta kwenye kompyuta tangu asubuhi, haioni. Baba akauliza kama najua iko wapi.

Nikamwambia. Jumatatu nilifungua studio kabla Gitau hajafika. Nikafuta ile aliyoiunga, nikafuta na nakala ya picha yangu aliyoikata kichwa. Picha za yule msichana sikuzigusa, hana kosa. Kisha nikaacha funguo juu ya kaunta pamoja na barua ya kuacha kazi.

Akanyamaza. Nikangoja. Safari hii sikuogopa sana.

Akauliza kama mvua imefika Nakuru. Nikasema imefika. Akasema huko kwao wanapanda kesho.

Negativu, ile filamu yenyewe, ninayo mimi. Anayetaka picha yangu ya mahafali, iko moja tu.